Baraza Lisilo la Chifu

Kila mtu anayefika nyumbani kwa Shangazi kwa mara ya kwanza husimama kwenye kijia cha matofali, akainua uso, akasema inapendeza. Husema hivyo kwa sababu ya baraza. Ni baraza pana la mbao lililoshika mbele yote ya nyumba, lenye nguzo nne, nene chini na nyembamba juu, na dari yake imepakwa rangi ya samawati hafifu, kama anga iliyofuliwa mara nyingi. Wanaopendezwa hawajawahi kulifagia. Mwezi wa nne huangukiwa na vumbi la manjano la miti, mwezi wa kumi majani ya mialoni, na katikati ya hapo wale nyuki wanene wanaotoboa mbao huchimba vishimo vya duara kana kwamba wamepewa kandarasi.

Nami pia nilipendezwa, tena kuwashinda wote, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Shangazi, dada mkubwa wa baba yangu, alinipa chumba cha darini nimalizie riwaya. Badala ya kuimaliza riwaya nikaanza kuupenda mtaa.

Mtaa wetu uko upande wa Maryland, hatua chache kutoka mpaka wa jiji. Ulizaliwa na tramu, behewa la umeme lililotoka Washington likipita kwa reli katikati kabisa ya barabara yetu. Kabla ya tramu hapa palikuwa mashamba. Ilipofika, karani wa serikali akaweza kulala penye miti na bado akawahi ofisini. Nyumba zikajengwa karibu karibu, zote zikitazama barabara, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuishi mbali na kituo. Nawaona watu wa siku hizo wamekaa barazani na kofia zao, wanasikia nyaya zikiimba juu kabla behewa halijaonekana, ndipo wanaposhuka ngazi bila haraka. Reli ziling'olewa zamani. Kilichobaki ni barabara iliyo pana bila sababu, na duara mwishoni ambapo tramu iligeuzia na ambapo leo mabasi hugeuzia. Siku za joto kali lami hupasuka mstari mrefu ulionyooka, palepale reli ilipolala. Huzibwa. Mwaka unaofuata mstari hurudi.

Niliyajua haya yote kwa sababu nilikubali, bila kushikiwa panga, kuiandikia kamati ya historia ya mtaa kijitabu cha wageni wanaokuja kutembezwa siku za Jumamosi. Nilikiandika kwa mapenzi. Nilifikiri mapenzi hayana madhara.

Wakati huo Mzee alikuwa Lanham.

Mzee ni mume wa Shangazi. Nyumba nzima humwita hivyo, hata Shangazi mwenyewe. Alipigwa na kiharusi asubuhi moja akifunga kamba za viatu. Upande wa kushoto ukalala. Hospitali ikampeleka kwenye makao ya wagonjwa kule Lanham, kwa muda, walisema, na huo muda ukala masika, ukala kiangazi, ukaanza kunyemelea msimu wa majani kuanguka. Nyumba za tramu zilijengewa watu wenye magoti mazima. Vyumba vyote vya kulala viko juu, na ngazi ni nyembamba, kali, zenye kona katikati. Chini pana jiko, meza ya kulia, sebule, na choo kidogo kilichobanwa chini ya ngazi. Ili Mzee arudi alihitaji mahali pa kulala chini. Hilo tu. Mengine yote ninayoyasimulia yalizaliwa na hilo.

Shangazi ni muuguzi. Mchana kutwa anawageuza wazee wa watu vitandani kule Oxon Hill, kisha anaendesha gari hadi Lanham kumgeuza wa kwake. "Mimi natunza baba za watu," alisema siku moja akivua viatu, "na wangu anatunzwa na watu. Hiyo ni akili?"

Mpango wake ulikuwa kuziba nusu ya baraza, upande wa kushoto: ukuta, madirisha, mlango unaofungukia sebuleni, basi. Fundi alisema ni kazi ya wiki mbili. Ila mtaa wetu una historia, na nyumba yenye historia haiguswi uso bila kibali.

Mtu yeyote mwenye akili timamu angeuliza, na sebule je? Niliuliza mara moja.

"Shangazi, kwa nini tusiweke kitanda hapa sebuleni?"

Alinitazama kama niliyependekeza tumhifadhi Mzee kwenye friji.

"Na wageni?"

"Wageni gani?"

"Wageni ni wageni. Wakifungua mlango wanamkuta mtu amelala hapo kama wodi? Wewe mwandishi, ulilelewa na nani?"

"Na ndugu yako."

"Inaonekana."

Basi ninapaswa kuieleza sebule hiyo. Ina kochi refu na viti viwili vya rangi ya damu ya mzee, na juu ya kila mgongo, kila mkono, kila meza ndogo, pametandikwa vitambaa vyeupe alivyovifuma Shangazi kwa sindano. Kuna kabati la vioo lenye vikombe ambavyo mimi sijawahi kuvinywea. Sisi wa nyumbani tunakaa jikoni. Katika miaka yangu mitatu pale nimekaa kwenye kochi lile mara nne, mara zote nikiwa na mgeni, na mara zote nikiwa nimekaa ukingoni. Aliondoka kwao kule bara na sanduku moja, akavuka dunia, akanunua nyumba ya karani wa tramu, na kitu cha kwanza alichokifanya ni kujenga ndani yake sebule ya mama yake. Chumba kikubwa kuliko vyote chini, chenye dirisha la jua, kilikuwa kinamngojea mtu asiyejulikana jina, huku mwenye jina akikodolea ukuta Lanham.

Ikabidi tujaze fomu. Shangazi alikuwa anapika ugali, mimi nimeketi na kompyuta kwenye meza ya jikoni.

"Wanauliza sehemu hiyo sasa inatumika kwa kazi gani."

"Si ni baraza tu. Watu wanakaa. Andika baraza."

Nikaandika. Ole wangu. Kwa mtoto wa bara kama mimi, baraza ni la chifu. Ni watu wamesimama juani uwanjani, chifu kavaa kofia, anawaambia wachimbe vyoo na wapeleke watoto shule. Sikuwa nimelala vizuri, kichwa kimejaa kijitabu changu, na nikaona, loo, kumbe hata Shangazi ana ushairi wake! Nikaweka kwa Kiingereza kizuri, chenye mapambo, kwamba sehemu hiyo ni mahali pa jamii kukusanyika kwa mikutano ya hadhara. Nikaisoma mara mbili nikapendezwa nayo. Nikaituma.

Barua ilirudi baada ya wiki tano. Mikutano hiyo hufanyika mara ngapi kwa mwezi? Huhudhuriwa na watu wangapi? Milango ya kutokea wakati wa moto ni mingapi? Magari yao huegeshwa wapi? Je, kuna choo cha umma?

"Choo cha umma?" Shangazi alikuwa ameishika barua mbali na macho, kama inayonuka. "Umma gani?"

Kabla sijajibu, Mwalimu alibisha hodi. Huyu ni jirani wa ukuta kwa ukuta, Mmarekani Mweusi, mwalimu mstaafu, aliyejifunza Kiswahili chuoni ujanani na hajakiacha mpaka leo. Kiswahili chake kimepigwa pasi. Ndiye pia mtu mwenye sauti kubwa kwenye kamati ya historia, kwa hiyo maombi yetu alikuwa ameshayaona. Alibaki amesimama barazani, kofia mkononi.

"Hamjambo, majirani?"

"Hatujambo, Mwalimu. Ingia."

"Ahsante, nitasimama. Nimesoma kwamba hapa hufanyika mikutano ya hadhara. Nimekuwa jirani yenu miaka saba, wala sijaalikwa hata mmoja."

"Shangazi aliniambia niandike baraza," nikasema.

Mwalimu akanitazama, akatazama mbao alizozikanyaga, kisha akacheka mpaka akashika nguzo. "Binti! Baraza ndilo hili!"

"Ati uliandika nini?" Shangazi alitoka jikoni na mwiko.

"Kwetu baraza ni la chifu, Shangazi."

"Mimi nilisomea uuguzi Mombasa miaka mitatu! Baraza ni hapa nje mtu anakaa akipigwa na upepo. Sasa umeniletea chifu kwa nyumba yangu?"

"Katika nyumba yangu," alisema Mwalimu kwa upole. Hakukusudia ubaya. Hawezi kujizuia.

Shangazi aligeuka polepole. "Mwalimu, hii Kiswahili yako utanipea siku ingine."

"Hiki Kiswahili chako," alinong'ona Mwalimu, na nadhani hata yeye alijichukia.

Nilidhani jambo limekwisha, tutacheka, tutasahihisha, fundi atakuja. Lakini Mwalimu akatoa mfukoni kijitabu changu. Alisema anasikitika, ila hata bila kosa la neno, yeye hatakubali baraza lizibwe, na akanisomea, akiitafsiri papo hapo kutoka Kiingereza, sentensi yangu mwenyewe, ile niliyokuwa nimeionea fahari kuliko zote, kwamba baraza ni jicho la nyumba na atakayeliziba amelipofusha barabara zima.

"Barabara nzima," nilimsahihisha. Hiyo ndiyo faraja pekee niliyoipata siku hiyo.

Kisha akakaa, kwenye ngazi, bila kualikwa, akatueleza kitu ambacho hakikuwamo kwenye kijitabu kwa sababu sikuwa nimeuliza. Mama yake alikuwa akija kwenye mtaa huu kila siku kwa tramu, kufanya kazi za nyumba. Hati za nyumba za siku hizo zilisema wazi kwamba mtu wa rangi yake haruhusiwi kununua wala kupanga hapa. Alifagia baraza kama hili mara mbili kwa siku. Hakuwahi kulikalia. Aliingia na kutoka kwa mlango wa nyuma, na mvua ikinyesha aliingojea tramu chini ya mti, ilhali baraza li wazi hatua kumi kutoka kwake. Mwalimu alipostaafu alinunua nyumba ya jirani kwa sababu moja: akae mbele.

"Nikiona moja linazibwa," alisema, "naona kama mtu amebeba kiti cha mama yangu kabla hajakikalia."

Nyuki mmoja alikuwa anatoboa nguzo. Unga wa mbao ukamdondokea Mwalimu begani. Shangazi aliushusha mwiko.

"Pole kwa mama," alisema. "Lakini mume wangu ako Lanham."

Mwalimu hakumsahihisha.

Nilichoka. Nilichoka na watu wawili wenye haki wanaokaa ukuta kwa ukuta. Nilitaka mmoja awe mwovu ili niweze kulala.

Niliandika barua ya kusahihisha. Ofisi ikajibu kwamba imeipokea, na kwamba kwa kuwa maelezo sasa yanapingana, afisa atakuja kuangalia. Wakataja Jumamosi, saa nne asubuhi. Shangazi aliposikia, alifanya kile anachofanya kila mtu wa kanisa letu akitishwa na serikali. Aliwapigia simu akina mama wa maombi.

Sikuambiwa. Saa nne kasoro robo magari matatu kutoka Woodbridge yalikuwa yameshapanga mstari mbele ya nyumba, akina mama wakishuka wakilalamikia foleni ya barabara kuu, na masufuria ya pilau na chapati yamefunikwa taulo. Walikuwa tisa. Walikataa kuingia ndani kwa viatu, na viatu vyao vya kamba vilikuwa kazi kuvua, kwa hiyo walibaki palepale barazani. Walipoimba wimbo wa pili, gari la afisa likasimama.

Alikuwa mama mmoja mpole, na futi ya kupimia kiunoni. Alisimama kwenye kijia cha matofali akainua uso. Najua alitaka kusema inapendeza. Badala yake alihesabu vichwa.

"Siyo mkutano," nilimwambia kwa Kiingereza.

"Amina!" wakaitika wote nyuma yangu, wakimalizia sala.

Akapima baraza, akapewa chapati, akaikubali, akaandika mambo mengi. Shauri letu likasogezwa mbele hadi kikao kijacho, ambacho kingekuwa baada ya baridi.

Jumapili tulikwenda Lanham kumwambia Mzee. Chumba chake kinatazama ukuta wa matofali na kona ya maegesho. Jirani yake wa kitanda huwasha televisheni kuanzia alfajiri, na Mzee, aliyekuwa akiongea kuliko redio, siku hizo alikuwa ameanza kujibu kwa ndiyo na la. Hilo ndilo lililokuwa likimtisha Shangazi. Mguu wa Mzee hakuutaja tena. Alimkunjia mto mgongoni, akamweleza yote: fomu, chifu, Mwalimu, akina mama, futi. Alieleza kwa hasira, akipangusa meza ambayo ilikuwa safi. Mimi nilitazama ukuta.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Tangu kiharusi maneno yake hutoka polepole, moja moja, kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

"Hicho chumba," alisema. "Kina dirisha?"

"Mawili," alisema Shangazi.

"Halafu nilale humo."

"Ndiyo, Mzee."

"Kama hapa."

Shangazi akaacha kupangusa.

"Hamkuniuliza," alisema Mzee. "Mnanitoa kwa sanduku, mnaniweka kwa sanduku. Mimi nataka kuona watu wakipita." Akapumzika. "Nilazeni sitting room."

"Na wageni watakaa wapi?" Sauti ya Shangazi ilikuwa ndogo. Sikuwahi kuisikia hivyo.

Upande mmoja wa mdomo wa Mzee ulipanda, ule unaopanda.

"Si mliandikia serikali mna baraza?"

Shangazi aliinamisha kichwa. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka bila sauti, mabega yakimruka, kisha kweli alikuwa analia, kisha akamkaripia jirani wa kitanda apunguze televisheni.

"Na baridi ikija?" aliuliza alipopata pumzi.

"Wageni?" alisema Mzee. "Wataenda kwao."

Ilituchukua siku mbili kubomoa sebule. Kochi refu lilikwenda Woodbridge kwa mmoja wa akina mama. Viti viwili vikatolewa barazani, na Mwalimu, aliyekuja kutusaidia kubeba, akatujulisha huku akihema kwamba havilingani kabisa na enzi ya nyumba. Shangazi alimwambia abebe kwanza, enzi baadaye. Kabati la vioo lilikataa kupita kwenye mlango wowote na bado liko pale, miguuni mwa kitanda.

Kulikuwa na jambo la mwisho. Mbele kuna ngazi tano, na kiti cha magurudumu hakipandi ngazi. Nikasema, bila kufikiri, kwamba nyuma kuna ngazi moja tu, tunaweza kumpitisha huko.

Mwalimu aliweka chini alichokuwa amebeba.

"Kwa nyuma? La. Hakuna mtu wa kuingia nyumba hii kwa nyuma tena."

Akaenda kwake. Nikasikia msumeno mpaka jioni, na siku ya pili yake tena. Alitengeneza daraja la mbao refu, lenye mteremko wa taratibu, la vipande viwili vinavyobebeka. Alikuwa ameshasoma sheria, na kitu kinachobebeka hakihitaji kibali. Alilipaka rangi ileile ya ngazi. Mzee aliporudi, Mwalimu ndiye aliyemsukuma juu, akihesabu kwa Kiswahili sanifu, "Moja, mbili, tatu," na Mzee akauliza kama huyu ni mchungaji mpya.

Kitanda kiko dirishani. Mzee huona duara la mabasi, mbwa wa mtaa wote, na wageni wa Jumamosi wanaotembezwa na kijitabu changu, ambao huinua uso, husema inapendeza, na hupungiwa mkono mmoja na mtu aliyelala. Dirisha likiwa wazi hubishana na Mwalimu kutoka kitandani. Ameanza tena kuwa redio, na sasa nashindwa kuandika kwa kelele. Shangazi amevihamishia nje vitambaa vyake, na kwa kuwa upepo huvipeperusha hadi kwenye maua ya watu, ameamua kuvibana kwa vibanio vya nguo. Baraza la karani wa tramu sasa linafanana na kamba ya kuanikia. Hakuna kanuni inayokataza, nimetafuta.

Juma lililopita ofisi ya vibali ilituandikia tena. Walitaka kujua kama bado tunaendelea na maombi, na kama hatuendelei, tuthibitishe sehemu ya mbele ya nyumba inatumika kwa kazi gani. Nilitoka na barua. Akina mama wa Woodbridge walikuwa wamekaa, wengine vitini, wengine kwenye daraja la Mzee, chai mikononi, katika vile vikombe vya kabatini.

"Shangazi, nijibu nini?"

"Angalia kikombe, mama, usimwagie kitambaa," alimwambia mmoja wao. Kisha kwangu: "Jibu unachoona. Na usiongeze kitu! Haki ya Mungu, ukiongeza hata nukta nakurudisha kwa ndugu yangu."

Nilisimama pale nikiangalia. Halafu nikapanda darini nikaandika lile neno fupi la Kiingereza ambalo kila mtoto wa mtaa huu analijua, porch, neno moja peke yake kwenye ukurasa mzima, bila mapambo. Lilinichukua miezi minne.